Mtoto mchanga alazwe vipi?

Mama mmoja kijana, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, alituletea swali. Kliniki muuguzi amemfundisha kumlaza mtoto chali. Akifika nyumbani, mama mkwe anamgeuza mtoto kifudifudi na kusema, “Mwanangu, ukimlaza hivyo atacheua maziwa usiku yampalie, nawe umelala.” Sasa mama huyo hapati usingizi. Kila mara anaamka na kuweka mkono kifuani pa mtoto, aone kama anapumua. Amsikilize nani?

Muuguzi ndiye mwenye haki. Mtoto mchanga alazwe chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Lakini tusimcheke bibi. Hofu yake hiyo hata madaktari wakubwa walikuwa nayo. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni ya wazazi, tangu miaka ya 1950 alishauri watoto walazwe kifudifudi ili wasipaliwe na matapishi. Wazazi wengi wa Marekani na Ulaya wakafuata ushauri huo kwa nia njema kabisa. Kumbe watoto waliolazwa wazima jioni walikutwa wamekufa asubuhi, wala sababu haikuonekana.

Baadaye watafiti waliwalinganisha watoto waliokufa namna hiyo na wale waliokuwa hai. Wakaona kwamba waliolazwa kifudifudi walikuwa wengi mno miongoni mwa waliokufa. Uholanzi ilianza kuwaonya wazazi mwaka 1987, Uingereza mwaka 1991, na Marekani ikaanza kampeni yake mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa nusu na zaidi. Tena watoto waliokufa kwa kupaliwa hawakuongezeka.

Inakuwaje? Jiguse shingoni kwa mbele: kile kigumu unachokigusa ni njia ya hewa. Njia ya chakula ipo nyuma yake. Basi mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakirudi, hayawezi kuingia penye hewa mpaka yapande, na mtoto mwenye afya huyameza tena au hukohoa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka: njia ya hewa ndiyo iko chini, na maziwa yanaweza kutiririkia huko. Isitoshe, pua ikizama katika godoro, mtoto huvuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Mwili nao hupata joto kupita kiasi. Halafu usingizi wa kifudifudi ni mzito, mtoto hashtuki upesi anapokosa hewa. Bibi husema kwamba akilazwa hivyo “analala vizuri.” Ni kweli, analala sana, na hapo ndipo penye hatari.

Kumlaza ubavu si salama pia, maana mtoto hubingirika kwa urahisi akaangukia tumbo.

Wapo wanaoogopa kisogo kubapa. Kikibapa kidogo, mara nyingi hurudi chenyewe mtoto anapoanza kukaa na kutambaa. Akiwa macho, nawe unamtazama, mlaze kwa tumbo juu ya mkeka mara kadhaa kwa siku. Hiyo humpumzisha kisogo na kumtia nguvu shingoni na mabegani.

Mahali pa kulala pawe pagumu kiasi na tambarare. Ondoa mito, nguo zilizorundikwa na blanketi zito linaloweza kumfunika uso. Chandarua kibaki, ila kichomekwe vizuri chini ya godoro. Kwenye kochi mtu mzima asilale na mtoto kabisa, hata kwa dakika chache. Baba au mama aliyekunywa pombe, au anayevuta sigara, asilale naye kitanda kimoja, na moshi wa sigara usiingie chumbani mwake.

Hatari ni kubwa zaidi kati ya miezi miwili na minne. Akifika kama miezi sita, na akaweza kujigeuza mwenyewe kwenda na kurudi, mlaze chali kama kawaida; akijigeuza usiku usikeshe ukimrudisha.

Jambo moja husahauliwa. Mtoto aliyezoea chali, siku moja akilazwa kifudifudi na mtu asiyejua, yumo katika hatari kubwa kuliko yule aliyezoea kulala hivyo. Kwa hiyo yaya, shangazi, dada mkubwa na kila anayeachiwa mtoto aambiwe mapema, kabla mama hajaenda shambani au kazini.

Mama yule tulimshauri asibishane nyumbani. Siku ya kupima uzito aende kliniki pamoja na mama mkwe, na muuguzi amweleze bibi mwenyewe, akimwonyesha kwa mkono shingoni pake.