Nikeli ya Haneti na Maji ya Visima

Katika vilima vya Haneti, kaskazini ya mji wa Dodoma, huchimbwa jiwe la kijani ambalo masonara wa nchi za mbali hulithamini na kuliita krisoprezi, na ni wachache miongoni mwa wanaolivaa wajuao ya kwamba rangi yake hiyo yatokana na nikeli, ambayo maji ya ardhini, kwa dahari nyingi, yaliitoa katika mwamba mzito wa chini na kuiacha ndani ya jiwe gumu. Mwamba huo waendelea hadi upande wa Itiso, na makampuni kadhaa yamekwisha kuuchunguza kwa ajili ya nikeli yenyewe. Kwa hiyo suala la namna ya kuitenga nikeli na mwamba, na lipi huwapata wakaao jirani na kazi hiyo, ni suala la wenyeji wa hapa kabla ya kuwa la wataalamu.

Tangu Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje, mwezi wa Machi 2017, azma ya Taifa imekuwa ni kuyasafisha madini yake humu humu nchini, na mkataba wa nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, uliotiwa saini Januari 2021 na kulipa Taifa hisa ya asilimia 16, ulikusudia kiwanda cha kusafishia kijengwe Kahama. Azma hii ni njema, nami naiunga mkono kwa dhati. Lakini anayeleta kiwanda nyumbani huleta na mabaki yake, na ndiyo sababu yatupasa kufahamu njia zenyewe.

Njia ya kale ni ya moto. Mbale nyingi za nikeli zimeshikamana na salfa, na zinapochomwa tanurini salfa hutoka kwa gesi kali iwashayo koo, ibanayo kifua cha mwenye pumu na kuunguza mimea. Sudbury, nchini Kanada, ilifikia hali ya kuwa vilima vyake vilibaki miamba mitupu. Vumbi la kiwandani nalo lina hatari yake. Huko Clydach, Wales, katika kiwanda cha kusafisha nikeli kilichofunguliwa mwaka 1902, wafanyakazi wa miaka ya mwanzo walishikwa na saratani ya pua na ya mapafu kupita kiasi cha watu wengine, na mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyahesabu misombo ya nikeli kuwa ni visababishi vya saratani kwa binadamu.

Njia iliyokusudiwa kwa nikeli ya Kabanga ni ya maji. Mbale iliyosagwa hutiwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa barabara, kwa joto, shinikizo na oksijeni, hata madini yakayeyuka majimaji. Kisha nikeli, kobalti na shaba hutenganishwa kimojakimoja kwa kemikali na umeme. Salfa haipandi angani, bali hubakia ndani ya maji, nayo ikitiwa chokaa aghalabu hugeuka jasi, ya jinsi ile ile ichimbwayo Itigi. Kifua cha jirani kimesalimika. Lakini tope limebaki, na lazima lihifadhiwe mahali.

Iko pia njia ya bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho ambao huishi kwa kula chuma na salfa, na mfano wake tunao Afrika Mashariki. Mgodi wa shaba wa Kilembe, Uganda, uliacha Kasese lundo la karibu tani milioni moja za mabaki yenye kobalti, na mvua ikawa inaosha asidi kutoka humo na kuipeleka katika hifadhi ya Queen Elizabeth, mpaka majani yakafa. Kuanzia mwaka 1999 lundo hilo lilitiwa matangini, bakteria wakalimeng'enya, kobalti ikapatikana, na chanzo cha sumu kikapungua mwaka hata mwaka. Sijui kazi nyingine ya madini katika ukanda wetu iliyostahiki sifa kuliko hiyo.

Hata hivyo, bakteria si dhamana. Katika mgodi wa Talvivaara, nchini Finland, uliotoa nikeli kwa njia hiyo hiyo, bwawa la jasi lilivuja Novemba 2012, na maji yenye nikeli na urani yakaingia katika vijito na maziwa ya jirani. Finland ni nchi yenye maziwa maelfu kwa maelfu. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, na baada ya hapo watu na ng'ombe hutegemea visima na mchanga wa mito iliyokauka. Kisima kikiharibika hapa, mama wa nyumbani hana pa kukimbilia.

Kwa wachimbaji wadogo wa krisoprezi nasaha ni fupi: vumbi la jiwe hilo huganda mapafuni na halitoki, basi lowesheni mwamba kabla ya kuupasua.

Kwa wazee wa vijiji vya Haneti na Itiso nina ombi moja. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nikeli katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 70 kwa lita, na maji yapitayo katika miamba kama ya kwenu huweza kuwa na nikeli tangu asili. Visima visipopimwa sasa, kiangazi na masika, hapo baadaye hapatakuwa na awezaye kupambanua ya mwamba na ya kiwanda, na mwenye kudhurika atakosa hoja mbele ya mwekezaji na mbele ya hakimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hudai tathmini ya athari kabla ya mradi; daini vipimo vya kila kisima viwemo katika tathmini hiyo, kwa Kiswahili, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kijiji kabla ya mkutano wowote wa kuridhia.