Maji ya bei nafuu yaliyougharimu mji wa Flint mamilioni

APRILI 2014, wakuu wa mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, waliacha kununua maji kutoka Detroit na kuanza kutumia maji ya Mto Flint. Nia ilikuwa kubana matumizi. Walitarajia kuokoa takriban dola milioni 5 katika miaka miwili.

Kilichosahaulika ni mabomba. Mengi ya yale yanayoingiza maji majumbani yalikuwa ya madini ya risasi. Maji ya Detroit yaliwekwa fosfeti, dawa inayojenga utando ndani ya bomba ili risasi isichanganyike na maji. Ya mtoni hayakuwekwa dawa hiyo, nayo yalikuwa makali zaidi kwa mabomba. Utando ukalika, risasi ikaingia majini. Dawa hiyo ilikadiriwa kugharimu kama dola 100 tu kwa siku.

Oktoba mwaka huo, kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalitia kutu vipuri. Wananchi waliendelea kuyanywa. Septemba 2015, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alionyesha kuwa risasi imeongezeka katika damu ya watoto. Mwezi uliofuata mji ulirudia maji ya Detroit, lakini mabomba yalikuwa yamekwishaharibika. Ikabidi yafukuliwe na kubadilishwa. Novemba 2021, mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 626.

Risasi majini haionekani, haina ladha wala harufu, na hudhuru ubongo wa mtoto. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, risasi hubaki. Kupima maji pekee ndiko kunakoweza kuitambua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita.

Kwa mama lishe au muuza juisi mwenye bomba la zamani, hatua za awali hazina gharama kubwa. Maji yaliyolala bombani usiku kucha yakingwe kando kwa ajili ya kudekia. Ya kunywa na kupikia yachotwe baada ya bomba kutiririka dakika chache, tena yawe ya baridi, kwani ya moto huyeyusha risasi zaidi. Fundi naye asiunganishe bomba la maji kwa lehemu yenye risasi.

Flint iliokoa senti na kulipa mamilioni. Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwenye daftari la hesabu.