Akufukuzaye Hakwambii Toka

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Methali hiyo niliikariri shuleni; maana yake niliijua baadaye, katika chumba cha kupanga huku Riruta Satellite.

Kwa miaka 6 niliishi na mwenzangu maisha yale ya njoo-tukae. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta nusu ya nyumba imehamishwa. Hapakuwa na barua, wala ugomvi wa kuukumbuka. Nilichoachiwa ni jiko, sufuria mbili na leso iliyosahauliwa kwenye kamba. Miezi mingi baadaye nilikuwa ningali nikishukia Dagoretti Corner na kuifuata Barabara ya Naivasha kwa miguu, nikizikagua nyuso za wapita njia, ili nikimwona nimuulize swali moja tu: kwa nini?

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifunga.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kila moja ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Njoo-tukae haina mlango wowote. Tarehe 27 Januari, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kuwa dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja muda mrefu itumike kwa nadra, na sharti ithibitike kwamba wawili hao walikusudia kuoana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini aliyeachwa bila talaka wala kikao cha wazee atajuaje kwamba mambo yamekwisha?

Jirani yangu, mama mzaliwa wa Mombasa, aliponiona nakonda aliniambia: "Mwanangu, kwetu mwanamke akiachwa hukaa eda, na eda ina mwisho. Yako wewe itakwisha lini?"

Katika Uislamu eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Ya mtalikiwa kwa kawaida hukaribia miezi 3. Najua ni ibada yenye hukumu zake, nami sidai kuiiga. Nililojifunza ni kwamba huzuni nayo yahitaji kuwekewa siku.

Nikaiweka siku yangu. Ilipofika niliifua ile leso, nikaikunja, nikampelekea shangazi yake Kawangware. "Shangazi," nikasema, "mwambie simdai kitu, hata jibu." Akaipokea kwa mikono miwili, akanimiminia chai. Njiani nilitokwa na machozi, lakini sikumkagua mpita njia yeyote.

Rai yangu ni hii: waliokula chungu kimoja wana deni la kuagana, hata kama hapakuwa na cheti. Na aliyenyimwa kwaheri asiketi mlangoni akiingojea. Na atafute shahidi mmoja mwenye busara, aitamke mwenyewe. Akufukuzaye hakwambii toka. Basi na ruhusa ya kuondoka tusingoje aitoe yeye.