Vyuo vya jamii Marekani: Uongozi humfungulia mwanafunzi milango ya msaada

BAADHI ya vijana wa Kenya wanaokwenda Marekani huanzia katika vyuo vya jamii, ambako karo ni nafuu na masomo huchukua miaka miwili kabla ya mtu kuhamia chuo kikuu. Kikongwe zaidi kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka wa 1901.

Unafuu huo, hata hivyo, una mtego. Wanafunzi wengi hufanya kazi, hulea watoto na hawalali chuoni. Anayekwama huondoka kimya kimya, pasi na mwenzake kujua.

Hapo ndipo uongozi wa wanafunzi unapofaa. Katika jimbo la California, sheria huwapa wanafunzi kiti katika bodi ya kila wilaya ya vyuo hivyo. Ingawa kura ya mwakilishi huyo ni ya ushauri tu, ana nafasi ya kuwasilisha shida za wenzake mezani.

Kwamba msaada huokoa masomo si dhana. Mwaka wa 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango wa ASAP, unaowapa wanafunzi mshauri wa karibu, nauli na msaada wa vitabu. Utafiti ulibaini kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliojumuishwa walikuwa wamehitimu, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wenzao.

Mwanafunzi mgeni basi ajitokeze mapema: aitafute ofisi ya ushauri, ajiunge na chama, hata agombee kiti. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai.