UVIMBE WA PAFU: SI LAZIMA PAFU ZIMA LIKATWE

Kila mtu ana mapafu mawili. Pafu la kulia lina sehemu tatu. Pafu la kushoto lina sehemu mbili.

Wakati mwingine uvimbe huota ndani ya pafu. Uvimbe mwingine si kansa. Mwingine ni kansa, nao huua. Tiba moja ni kupasuliwa. Lakini watu wengi huogopa. Husema, “Nikikatwa pafu, nitalimaje?” Swali hilo ni la haki.

Mwaka 1933 daktari Evarts Graham wa Marekani alimtoa mgonjwa wa kansa pafu zima. Mgonjwa yule alipona. Lakini mtu aliyebaki na pafu moja huchoka upesi. Mwaka 1947 daktari Clement Price Thomas wa London alitumia njia nyingine. Alitoa kipande cha bomba la hewa chenye uvimbe. Kisha akaunga ncha mbili za bomba. Sehemu nzuri za pafu zikabaki, zikaendelea na kazi.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo hang'oi mzabibu kwa sababu ya tawi moja bovu. Hukata tawi hilo tu. Daktari naye hufanya hivyo.

Mwaka 2022 madaktari wa Japani walitoa majibu ya uchunguzi wa wagonjwa 1,106. Kansa zao zilikuwa ndogo, zisizozidi sentimita 2. Waliokatwa kipande kidogo cha pafu hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa sehemu nzima.

Basi jambo kubwa ni kuwahi. Uvimbe ukikua na kuenea mwilini, mara nyingi kupasua hakusaidii tena.

Je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Unatema damu? Unakonda? Nenda zahanati upimwe makohozi. Huenda ni kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Ukimaliza dawa na kikohozi kikabaki, usikae nyumbani. Rudi, uombe kupigwa picha ya kifua. Ikionyesha uvimbe, utapelekwa hospitali ya rufaa, kama ile ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma.

Tena, acha tumbaku. Ndiyo inayoleta kansa ya mapafu kuliko kitu kingine chochote. Na ukipikia ndani ya tembe, toboa dirisha moshi utoke.

Kikohozi cha muda mrefu si cha kuzoea. Kapimwe mapema.