Lenzi Kuukuu za Masafa Marefu kwenye Kamera za Leo

Lenzi ya masafa marefu ni lenzi ndefu iliyofupishwa kwa ujanja. Kioo kimoja chenye urefu wa fokasi wa milimita 300 hulazimika kukaa sentimita 30 mbele ya filamu ili kitoe picha kali ya kitu cha mbali, na kamera ya namna hiyo ingebebwa kama bomba. Ujanja wenyewe ni kuweka mbele kundi la vioo mbinuko vinavyokusanya mwanga, na nyuma yake kundi la vioo mbonyeo vinavyoutawanya kidogo kabla haujafika mwisho wa safari. Matokeo yake ni lenzi inayovuta kama ya sentimita 30 huku yenyewe ikiwa fupi kuliko hapo. Mwaka 1891 watu watatu, Thomas Dallmeyer wa Uingereza pamoja na Adolf Miethe na Adolph Steinheil wa Ujerumani, waliufikia ujanja huo kila mmoja kwa njia yake.

Kanuni hiyo haijabadilika. Kioo kilichosuguliwa vizuri mwaka 1965 kinapinda mwanga leo kama kilivyoupinda siku kilipotoka kiwandani, kwa kuwa hakina saketi ya kuungua wala programu ya kupitwa na wakati. Zilizopitwa na wakati ni kamera zake za filamu, na ndiyo maana lenzi hizi zimejaa kwenye masoko ya mitumba kwa bei ndogo kuliko lenzi mpya za urefu uleule. Swali la kwanza la anayetaka kuzitumia si ubora wa kioo. Ni swali la milimita chache za hewa.

Kila aina ya kamera ina kipimo chake maalumu kutoka kwenye mdomo unaoshika lenzi hadi mahali picha inapoundwa, iwe ni kwenye filamu au kwenye kihisi cha dijitali. Kamera za zamani zilikuwa na kioo cha kuakisi kilichopeleka picha juu kwenye kitundu cha kuchungulia, na kioo hicho kilihitaji nafasi ya kuruka. Kwa hiyo mdomo uliwekwa mbali. Mdomo wa M42, uliotumiwa kuanzia mwaka 1949 na baadaye kuenea katika viwanda vya Ujerumani Mashariki, Japani na Muungano wa Kisovieti, ni wa hesi: lenzi inazungushwa kama mfuniko wa chupa, na umbali wake ni milimita 45.46. Nikon F ya mwaka 1959 ni milimita 46.5. Canon FD ya mwaka 1971 ni milimita 42.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zilipoanza kuuzwa mwaka 2008, nafasi ile haikuhitajika tena. Mdomo wa Sony E uko milimita 18 tu kutoka kwenye kihisi, Nikon Z milimita 16, Canon RF milimita 20. Tofauti inayobaki ndiyo unene wa adapta. Lenzi ya M42 kwenye Sony inadai adapta ya milimita 27.46, ambayo ni pete tupu ya chuma, haina kioo wala umeme ndani yake. Karibu kila lenzi ya zamani ya kamera ya kioo inaweza kuvalishwa kamera hizi kwa njia hiyo, na picha haipungui chochote kwa kupita kwenye adapta, kwa sababu kinachopitiwa ni hewa tu.

Kwenye kamera za dijitali zenye kioo mambo ni mengine. Canon EOS ina umbali wa milimita 44, hivyo inapokea M42 na Nikon F bila taabu, lakini inaikataa Canon FD, ndugu yake mwenyewe, kwa sababu milimita 42 ni chache kuliko 44. Adapta za FD kwa kamera hizo huwekwa kioo cha kurekebisha, na kioo hicho cha bei rahisi huharibu kazi ya vioo vya bei kubwa vilivyo mbele yake. Ni afadhali kuiacha lenzi kabatini.

Nikon yenye kioo inatoa mfano mzuri zaidi, kwa kuwa pale lenzi ya M42 huzidi kusogea mbele kwa milimita 1.04 tu. Milimita moja inaonekana kitu kidogo. Kwa lenzi ya milimita 50 inatosha kuifanya isione kwa ukali chochote kilicho mbali zaidi ya mita 2.4. Kwa lenzi ya milimita 135 mpaka huo unasogea hadi mita 17 na nusu, na kwa ya milimita 200 unafika mita 38. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa fokasi unazidishwa kwa wenyewe, kisha jibu linagawanywa kwa milimita zilizozidi. Hivyo lenzi ndefu inaisamehe adapta mbovu kuliko lenzi fupi, na anayepiga picha za ndege bustanini anaweza kufanya kazi hata na adapta ambayo mpiga picha wa milima angeitupa. Hata kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo si geni kwenye adapta za bei ya chini, linaiwekea lenzi ya milimita 200 kikomo cha mita 400.

Lenzi ikishakaa mahali pake, kamera haiijui. Haipati taarifa ya urefu wa fokasi wala ya ukubwa wa tundu la mwanga, na kamera nyingi hukataa kabisa kupiga mpaka mwenyewe aingie kwenye menyu na kuiruhusu ifanye kazi bila lenzi. Baada ya hapo upimaji wa mwanga hauna tatizo. Mpiga picha anachagua tundu kwa pete ya lenzi, kamera inapima mwanga uliofika na kuchagua kasi ya shata. Tahadhari ni moja: lenzi nyingi za M42 za miaka ya 1960 na 1970 zina kipini kidogo nyuma, kilichosukumwa na kamera ili tundu lifunge wakati wa kupiga. Kwenye adapta isiyokisukuma, tundu hubaki wazi hata pete ikigeuzwa hadi f/16, na mwenye lenzi hudhani imeharibika. Dawa ni swichi ya A na M iliyo ubavuni mwa lenzi; ikiwekwa M, pete inatii. Lenzi za zamani zaidi, zenye pete mbili za tundu, hazina kipini wala fumbo hilo.

Kazi kubwa ni fokasi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuilaumu lenzi. Lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa f/4, ikimlenga mtu aliye mita 10 mbele, inampa ukali wa kina cha sentimita 60 hivi, mbele na nyuma kwa pamoja. Ya milimita 135 kwa f/2.8 na mtu aliye mita 5 inatoa sentimita 23. Mtu akiyumba kidogo, jicho limetoka nje ya ukali na sikio limeingia. Vioo vya kuchungulia vya kamera za filamu viliwekewa duara katikati lililokata picha vipande viwili mpaka fokasi ikae sawa. Kamera za dijitali zenye kioo ziliondoa duara hilo kwa kuwa zilitegemea fokasi ya kujiendesha, na ndiyo sababu lenzi hizi zinachosha mno kuzitumia humo.

Kamera isiyo na kioo inarudisha kilichopotea, tena kwa ubora zaidi. Inaweza kuzipaka rangi kingo zilizo kwenye ukali, na inaweza kukuza kipande cha picha mara kadhaa ndani ya kitundu cha kuchungulia. Rangi ya kingo ni ya haraka lakini ni mwongo: hupaka hata kilicho karibu na ukali, na kwa lenzi ndefu neno karibu halitoshi. Kukuza ndiko kwa kuaminika. Mwenye uzoefu hufungua tundu lote, hukuza jicho la mnyama au la mtu, huzungusha pete mpaka kope zionekane moja moja, ndipo anapofunga tundu hatua moja au mbili na kupiga. Pete ya lenzi ya zamani huzunguka safari ndefu kabla ya kumaliza masafa yake, jambo linaloudhi anayefukuza mpira uwanjani na kumfurahisha anayetafuta unywele mmoja. Kwa kitu kinachokwenda, njia ni kutega: kuiweka fokasi kwenye tawi ambalo ndege hurudi kutua, au kwenye kona ambayo baiskeli zote zitapita, na kungoja.

Mtikisiko wa mkono nao hukuzwa sawasawa na picha. Kanuni ya wazee wa filamu ilikuwa kasi isiyopungua moja ikigawanywa kwa urefu wa fokasi, yaani 1/200 ya sekunde kwa milimita 200. Kwa vihisi vya megapikseli 24 na zaidi, ni busara kuiongeza mara mbili. Kamera zenye kihisi kinachoelea kutuliza mtikisiko husaidia sana, ilimradi ziambiwe urefu wa fokasi kwa mkono, kwani lenzi haiwezi kuziambia. Unaoandikwa ni ule uliochorwa kwenye lenzi, hata kama kihisi ni kidogo. Lenzi za milimita 300 na kuendelea zenye uzito wa kilo na zaidi zifungwe kwenye tripodi kwa mguu wa lenzi yenyewe, si kwa mguu wa kamera, la sivyo adapta na mdomo wa kamera ndivyo vitakavyobeba mzigo wote. Tair-3 ya Kisovieti, milimita 300 kwa f/4.5, iliuzwa pia ikiwa imefungwa kwenye kitako kama cha bunduki, ikaitwa Fotosnaiper. Hutuliza mkono kweli. Haifai kuonekana nayo karibu na uwanja wa ndege.

Udhaifu wa kweli wa vioo vya zamani ni rangi. Kila rangi ya mwanga hupindwa kwa kiasi chake, na kosa hilo hukua kadiri urefu wa fokasi unavyokua. Matawi meusi mbele ya anga jeupe hupata ukingo wa zambarau au wa kijani. Suluhisho ni vioo maalumu vinavyozitenganisha rangi kidogo tu. Canon iliuza lenzi ya milimita 300 yenye floriti mwaka 1969, lakini lenzi za namna hiyo zilikuwa ghali na bado ni ghali. Zile za kawaida hutulia zikifungwa hadi f/8. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe huuficha ukingo, ila ukali hubaki umepungua kidogo.

Kihisi kidogo hukoleza kasoro hizo. Kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 chenye megapikseli 24, pikseli moja ina upana wa mikroni 6. Idadi ileile ikibanwa kwenye kihisi cha APS-C, inakuwa chini ya 4. Hapo lenzi ya milimita 200 huonyesha eneo ambalo ya 300 ingelionyesha kwenye kihisi kikubwa, na hutumia katikati ya kioo tu, ambako ukali ni mwingi. Lakini katikati hapo hukaguliwa kwa jicho kali zaidi.

Kuna pia mwanga unaorudi. Uso wa kioo usio na utando wa kupunguza mwakisiko huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaougonga, na kihisi kinachong'aa huakisi kuliko filamu. Lenzi zenye vioo vichache, kama Sonnar ya milimita 135 kwa f/3.5 kutoka mji wa Jena, Ujerumani, yenye vioo vinne tu, huumia kidogo. Kikinga jua kirefu mbele ya lenzi kina faida kuliko programu yoyote ya kurekebisha picha. Adapta yenye ndani inayong'aa ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Lenzi za vioo vya kuakisi, za milimita 500 kwa f/8, ni nyepesi na hazina ukingo wa rangi, ila tundu lake halifungwi wala kufunguliwa, na kila taa ya nyuma hugeuka kuwa pete. Mwezi hupendeza kupitia kwake. Vingine vingi havipendezi.

Wakati wa kununua, tochi ndiyo fundi wa kwanza. Lenzi ikimulikwa kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui, na vumbi kama nukta. Vumbi halina madhara kwenye picha. Kuvu hula utando na hatimaye kioo chenyewe, na hupenda hewa nzito yenye unyevu ya Mombasa, Tanga na Zanzibar. Lenzi isihifadhiwe kwenye mfuko wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Ikae kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika. Kuizika ndani ya mchele huongeza vumbi la wanga tu. Kwenye ukaguzi wa kununua, baada ya tochi, pete zizungushwe: fokasi nzito ni grisi iliyokauka, na fundi anaweza kuibadilisha, lakini vibapa vya tundu vilivyolowa mafuta havifungi kwa wakati, na gharama ya kuvisafisha huweza kuzidi bei ya lenzi.

Lenzi za kuvuta na kurudisha za enzi hizo, za milimita 70 hadi 210 na jamii yake, nyingi hukosa ukali na ni nzito kwa kazi zinazotoa. Ya milimita 300 inamtaka mwenye tripodi na subira. Mwenye fedha ya lenzi moja tu anunue ya milimita 135, f/2.8 au f/3.5, safi isiyo na kuvu, na adapta ya chuma iliyopimwa vizuri.