Simu Mpya, Gari la Zamani: Kwa Nini Muziki Unasikika Lakini Mazungumzo Hayapiti

Dereva anayetoka Mtwapa kwenda Malindi ameunganisha simu yake mpya na gari kwa Bluetooth. Muziki unatoka kwenye spika bila shida. Akifika karibu na Vipingo anapigiwa simu, anabonyeza kitufe cha kupokea kwenye usukani, muziki unakatika, kisha kimya. Anaita "Haloo? Haloo?" mara tatu. Hajui kama anasikika au la. Mkono wa kushoto unaacha usukani na kuanza kupapasa kiti cha abiria ukiitafuta simu, na macho yanaufuata mkono.

Hapo ndipo hitilafu ndogo ya mitambo inapogeuka kuwa suala la usalama barabarani. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza faini ya Sh2,000 dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo. Faini hiyo ni nafuu ikilinganishwa na hasara nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Shirika hilo linaongeza jambo ambalo wenye magari wengi hawapendi kulisikia: kuzungumza bila kuishika simu mkononi hakupunguzi sana hatari hiyo, kwa sababu akili ya dereva inakuwa kwenye mazungumzo, si barabarani. Bluetooth basi inafaa kwa maneno mawili matatu, "niko njiani, nitakupigia nikifika", si kwa kikao cha harusi kutoka Kilifi hadi Gede.

Marekebisho yote yanayoelezwa hapa hufanywa gari likiwa limeegeshwa mahali salama.

Miunganisho mitatu ndani ya mmoja

Watu wengi hudhani kwamba simu ikishaandika "imeunganishwa" kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba simu na redio ya gari hufanya mapatano kadhaa, kila moja kwa kazi yake. Lipo la muziki, ambalo husafirisha sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kwenda kwenye spika. Lipo la mazungumzo, ambalo lazima liende na kurudi: sauti ya anayepiga iingie garini, na sauti ya dereva ichukuliwe na maikrofoni ya gari na kurudishwa kwenye simu. Tena lipo la majina na nambari, linaloiwezesha redio kuonyesha ni nani anayepiga.

Mapatano haya hayategemeani. Moja linaweza kufanya kazi huku jingine limezimwa, limekataliwa au limekwama. Ndiyo maana muziki kusikika vizuri si ushahidi kwamba mazungumzo yatapita, na ndiyo maana fundi anayesema "Bluetooth ya gari imekufa" kabla ya kuuliza ni kipi kinachofanya kazi na kipi hakifanyi, anabahatisha. Bluetooth ikiwa imekufa kweli, hata muziki hausikiki.

Tofauti ya umri nayo ina mchango wake. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, lakini yakishafika hapa huendelea kutembea miaka mingi baada ya hapo. Si ajabu kukuta gari la mwaka 2010 likiunganishwa na simu iliyotoka dukani wiki iliyopita. Kwa kawaida simu mpya hujua kushuka chini na kuzungumza lugha ya redio ya zamani, ila hapa na pale hazielewani, na mara nyingi kinachoumia kwanza ni mazungumzo au majina. Redio za zamani pia hubeba sauti ya mazungumzo kwa kiwango cha chini, kwa hivyo anayepiga kusikika kama anazungumzia ndani ya kopo si lazima iwe ni ubovu.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Gari likiwa limeegeshwa, mwenye gari ampigie mtu wa nyumbani, kisha atazame skrini ya simu mazungumzo yakiendelea. Pana kitufe cha kuchagua sauti itokee wapi: kwenye simu yenyewe, kwenye spika yake, au kwenye Bluetooth. Simu nyingine hung'ang'ania kutumia spika yao ikiwa dereva amepokea kwa kugusa skrini badala ya kubonyeza kitufe cha usukani. Kuchagua jina la gari hapo kunaweza kulimaliza jambo lote.

Mazungumzo yakiwa bado hewani, aongeze sauti ya redio. Hili huwapotosha wengi. Magari mengi huwa na kiwango kimoja cha sauti kwa muziki na kingine kwa mazungumzo, na cha mazungumzo hupandishwa tu wakati mtu anazungumza. Redio inaweza kuwa inatingisha vioo kwa muziki huku sauti ya mazungumzo imeshushwa hadi sifuri tangu enzi za mwenye gari wa kwanza.

Isipokuwa hivyo, zamu ni ya mipangilio ya simu. Kwenye simu za Android, kama vile Samsung, Tecno na Infinix, mtu huingia kwenye mipangilio, akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha akagusa alama ya gurudumu kando ya jina la gari. Hapo ataona swichi za simu, za sauti ya muziki na za kushiriki majina. Swichi ya simu ikiwa imezimwa, gari litacheza muziki mchana kutwa bila kupitisha neno moja la mazungumzo. Swichi hizi hujikuta zimezimwa kwa sababu ya haraka: siku ya kwanza ya kuunganisha, simu huuliza kama gari liruhusiwe kuona majina na rekodi za simu, na mwenye simu, kwa hofu au kwa kutosoma, hukataa.

Dawa inayotibu matatizo mengi ni kufuta na kuanza upya, ila lazima ifanywe pande zote mbili. Watu hufuta jina la gari kwenye simu na kusahau kwamba redio nayo imeihifadhi simu hiyo kwa kumbukumbu za zamani, basi zikikutana tena moja inatumia mapatano mapya na nyingine ya zamani. Jina la gari lifutwe kwenye simu, jina la simu lifutwe kwenye redio, gari lizimwe kabisa kwa dakika chache, simu izimwe na kuwashwa, ndipo ziunganishwe upya. Safari hii mwenye simu asome kila swali linalojitokeza na akubali la majina na la simu.

Redio nyingi hukumbuka simu chache tu. Orodha ikijaa, redio hukataa simu mpya bila kueleza sababu, au huipokea nusunusu. Gari lililopita mikononi mwa mume, mke, dereva, fundi na binamu aliyeliazima mwezi wa Desemba huenda limejaa simu ambazo hazipo tena. Zifutwe.

Tena kuna ushindani. Redio ikiwashwa huitafuta kwanza simu iliyoizoea, na ikiwa simu ya abiria ndiyo iliyotangulia, ya dereva itabaki nje au itapewa muziki tu. Saa za mkononi zenye uwezo wa kupokea simu, ambazo sasa zinauzwa kwa bei nafuu kila mji, huyachukua mazungumzo na kuyapeleka kwenye kifundo cha mkono wakati dereva anayatarajia kwenye spika. Vivyo hivyo visikizi vilivyosahauliwa mfukoni bila kuzimwa. Kabla ya kulilaumu gari, Bluetooth ya vifaa hivyo vingine izimwe kwa muda na jaribio lirudiwe.

Simu zinazopigwa kwa WhatsApp ni kisa cha pekee. Kwenye Android 12 na matoleo ya baadaye, kila programu huomba ruhusa yake ya kutumia vifaa vilivyo karibu. Asiyeipa WhatsApp ruhusa hiyo atapokea simu za kawaida vizuri na za WhatsApp vibaya, katika gari lilelile, siku ileile. Hata ruhusa ikiwepo, redio nyingine za zamani hazizitambui simu hizo, na kitufe cha usukani hakizipokei. Njia iliyo salama ni kuziacha zilie hadi gari lisimame.

Dereva anasikia, hasikiki

Malalamiko haya ni tofauti na yale ya kwanza, na chanzo chake mara nyingi ni maikrofoni. Katika magari mengi maikrofoni huwa kwenye dari karibu na taa ya ndani, au kwenye nguzo ya usukani, ndani ya tundu dogo lenye vijitobo. Vumbi, kitambaa cha kufunika dashibodi, au hata kibandiko cha mapambo kinaweza kuliziba. Upepo nao ni adui: vioo vikiwa wazi kwenye joto la pwani, au kiyoyozi kikipuliza moja kwa moja kuelekea darini, anayepiga husikia dhoruba tupu.

Wenye magari waliobadilisha redio ya kiwandani na kuweka skrini kubwa wana swali moja la kumuuliza fundi: maikrofoni ya nje iliwekwa wapi? Nyingi ya skrini hizo huja na maikrofoni ndogo yenye waya, ya kubandikwa karibu na dereva. Fundi mwenye haraka huiacha imekunjwa nyuma ya dashibodi, au hairudishi kabisa kwenye boksi, na mwenye gari anabaki akipaza sauti kama anayevuka mto. Kuivuta na kuibandika panapofaa ni kazi ndogo, na hakuna sababu ya kununua redio nyingine kwa ajili yake.

Vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti kwenye redio ya FM huwa na maikrofoni ndani yake, chini kabisa karibu na gia. Vinasaidia gari lisilo na Bluetooth, lakini asitarajie mtu kusikika vizuri navyo gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Redio zinazozungumza Kijapani

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa hutoka Japani na redio zake zimeandikwa Kijapani. Mwenye gari hubonyeza kwa kukisia, na kukisia kumefunga redio nyingi. Programu ya Google Translate inaweza kusoma maandishi ya skrini kupitia kamera ya simu na kuyatafsiri kwa Kiswahili au Kiingereza. Tafsiri yenyewe huwa na vichekesho, lakini inatosha kumwonyesha mtu mahali pa simu na mahali pa kufuta.

Redio za zamani huomba nambari ya siri wakati wa kuunganisha, na mara nyingi ni 0000 au 1234. Za baadaye huonyesha tarakimu sita kwenye skrini ya gari na ya simu kwa pamoja. Zikilingana, mtu hukubali pande zote mbili. Zisipolingana asikubali, kwa kuwa huenda anaunganishwa na gari la jirani aliyeegesha pembeni. Bluetooth za kawaida hufika takriban mita 10, na katika maegesho ya hospitali au soko magari mengi yamo ndani ya umbali huo.

Majina yanayobaki nyuma

Jambo moja halihusu sauti. Redio iliyoruhusiwa kuchukua majina huyahifadhi. Anayeuza gari, anayelirudisha la kukodi, au anayeazima la ofisi kwa safari moja huacha humo orodha ya ndugu, wateja, daktari wake na nambari alizopiga, na dereva anayefuata anaweza kuiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua taarifa za aina hii kuwa taarifa binafsi za kulindwa, lakini hakuna sheria itakayoingia garini kuzifuta. Kuifuta simu kwenye redio huchukua chini ya dakika moja, na hufanywa kabla ya kukabidhi ufunguo.

Anayenunua gari naye ana faida ya kutumia akiwa bado kwenye yadi, kabla ya kulipa. Aiunganishe simu yake mwenyewe, asiridhike na muziki ambao muuzaji atauwasha kwa haraka. Ampigie mtu wa nyumbani, vioo vikiwa vimefungwa na injini ikiwaka, na amuulize kama anamsikia vizuri. Kisha apigiwe yeye, apokee kwa kitufe cha usukani. Kama mojawapo haifanyi kazi, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei, na muuzaji asiyetaka jaribio hilo lifanywe huwa ameshatoa jibu.